Kwa Nini Kombi Huchemsha? Historia ya Joto Lisilo na Pa Kwenda

Najua mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu programu, hifadhidata na simu. Leo naomba ruhusa niandike kuhusu injini. Mwanzoni mtadhani nimepotea njia, lakini mkifika mwisho mtaona kwamba ni habari ileile ya siku zote: mashine ya zamani, na watu wanaoirekebisha bila kuuliza ilitengenezwaje.

Mjomba wangu ana kombi ya Volkswagen ya mwaka 1987. Miaka mingi aliitumia kubeba watalii, na sehemu ya karo yangu ya shule ilitoka kwenye viti vyake. Alipostaafu aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, kabati na jiko dogo la gesi, ikawa gari la kambi. Nia yake ilikuwa kuzunguka nchi na mkewe bila kulipia hoteli. Tatizo ni moja. Kila wakitoka Mai Mahiu kupanda kwenda Limuru, mshale wa joto unapanda pamoja nao, taa nyekundu inaanza kumwekamweka, na kabla ya kufika juu wamesimama kando ya barabara wakitazama mvuke.

Makanika wa kwanza alitoa themostati akaitupa. Wa pili alisema injini imekwisha. Wa tatu alitaja bei ya silinda hedi mbili, na mjomba alikuja kwangu akiwa na bei hiyo kwenye kikaratasi. Akaniuliza, "Kijana, wewe si ulisomea mambo ya mashine chuo kikuu? Niambie, niuze chuma kwa kilo ama nifanye nini?"

Nikamjibu, "Mjomba, mimi nilisomea kompyuta, si injini."

"Yote ni mashine," akasema.

Basi nilifanya kile ninachofanya kazini nikikabidhiwa programu ya zamani iliyoandikwa na watu walioondoka kitambo. Sikugusa kitu. Kwanza nilisoma historia yake.

Joto haliishi, huhamishwa

Tuanze na jambo la msingi. Injini ya petroli haigeuzi petroli yote kuwa mwendo. Kwa hesabu ya jumla, karibu robo hadi theluthi ya nishati ndiyo inayosukuma gari. Sehemu nyingine kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi. Inayobaki hukaa ndani ya chuma, na lazima itolewe, la sivyo oili inakuwa nyepesi kama maji, valvu zinaungua na pistoni zinakwama.

Kila injini ya gari, hata ile inayoitwa ya kupozwa kwa maji, mwisho wa yote hupozwa kwa hewa. Maji ni mchukuzi tu: hubeba joto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, na pale huikabidhi hewa mzigo. Kwa hiyo mtu akikuambia gari linachemsha, swali la kuuliza ni moja: joto limezuiliwa wapi likiwa njiani kwenda kwenye hewa?

Uamuzi wa miaka ya 1930

Ferdinand Porsche alipokuwa akibuni gari la bei nafuu la Wajerumani katika miaka ya 1930, moja ya masharti lilikuwa injini ipozwe kwa hewa. Sababu haikuwa joto, ilikuwa baridi. Wanunuzi waliotarajiwa wengi hawakuwa na gereji nyumbani. Gari lingelala nje kwenye theluji, maji yangeganda, na maji yakiganda hupanuka na kupasua chuma. Injini isiyo na maji haina cha kugandisha.

Wakatengeneza injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, zikiwa na mapezi ya chuma kuzunguka. Mkanda mmoja uliizungusha dainamo, na feni ilifungwa kwenye mhimili uleule wa dainamo. Feni ilivuta hewa na kuisukuma chini kupitia mapezi, ikiongozwa na mabati yaliyozunguka injini yote.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Magari hayo hayakuwa na kipimo cha joto, lakini yalikuwa na taa nyekundu ya dainamo. Mkanda ukikatika, dainamo husimama na taa huwaka. Kwa kuwa mkanda huohuo ndio uzungushao feni, taa ya umeme ilikuwa pia taa ya joto. Dereva aliyejua hilo alizima injini mara moja. Asiyejua alisema, "Ni chaji tu, nitafika," na alifika akiwa amekokotwa.

Kwa gari dogo mfumo huu ulifanya kazi vizuri, na Afrika Mashariki ni shahidi. Kobe huyo wa Volkswagen alishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, katika vumbi, matope na milima yetu. Mtu akikuambia injini ya hewa haifai kwa nchi za joto, mkumbushe miaka hiyo mitatu.

Injini ileile, mzigo mwingine

Aprili 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake mchoro mdogo wa sanduku lenye magurudumu, dereva akikaa mbele kabisa na injini ikiwa nyuma. Uzalishaji ulianza Wolfsburg Machi 1950, na mwaka 1956 ukahamia kiwanda kipya cha Hannover. Sisi tunaiita kombi, neno lililofupishwa kutoka Kijerumani na likaingia kwenye lugha nyingi bila viza.

Injini haikubuniwa upya. Waliichukua ya gari dogo, yenye nguvu za farasi 25, wakaiweka nyuma ya sanduku ambalo likipakiwa lilizidi tani moja na nusu. Sanduku halipasui upepo kama kobe, linausukuma kifua kwa kifua. Kisha mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Wiedenbrück ikaanza kuuza vifaa vya kambi: vitanda, makabati, meza. Kila kipande cha mbao ni kilo, na kila kilo ni petroli zaidi ya kuchoma mlimani.

Wanaoandika programu wanaijua hali hii. Unaandika kitu kwa ajili ya watumiaji mia moja, kinapendwa, halafu mwenye kampuni anakiuza kwa watumiaji elfu kumi. Programu haijaharibika, ila mzigo umebadilika.

Volkswagen waliongeza ukubwa wa injini mwaka hadi mwaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kombi ya lita 2.0 ilikuwa na farasi 70. Lakini farasi zaidi ni joto zaidi, na hewa ya kupozea ilibaki ileile inayoweza kupita kwenye matundu ya ubavuni.

Silinda namba 3

Katika injini za zamani, kipozeo cha oili kilisimamishwa ndani ya kasha la feni, juu ya silinda namba 3. Hewa iliyoifikia silinda hiyo ilikuwa imezuiwa na kipozeo, tena imeshapashwa moto na oili. Silinda tatu zilipata hewa baridi, moja ikapata masalio. Kwa miaka mingi, injini ilipokufa kwa joto, mara nyingi ilianzia namba 3.

Walifanya nini kwanza? Waliweka kiraka. Katika distribyuta nyingi, cheche ya namba 3 ilicheleweshwa kidogo kuliko zile nyingine ili silinda hiyo isipate moto sana. Waliificha hitilafu ndani ya kipande kingine kabisa! Makanika aliyepima wakati wa cheche kwenye silinda zote nne angedhani distribyuta ni mbovu, kumbe imefanywa hivyo makusudi.

Suluhisho la kweli lilikuja kwenye magari ya mwaka wa modeli 1971. Kipozeo cha oili kilitolewa kwenye njia ya hewa na kupewa kijumba chake nyuma ya kasha la feni, chenye njia yake ya kutolea hewa moto. Namba 3 ikapata haki yake.

Vitu "visivyo na kazi"

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa yule makanika wa kwanza. Katika kombi ya hewa, injini imezungukwa na mabati, na kati ya mabati hayo na bodi ya gari kuna mpira mrefu unaoziba nafasi pande zote. Ukiutazama unaonekana kama pambo. Kumbe kazi yake ni kutenga dunia mbili: hewa baridi juu, hewa moto na ekzosi chini. Mpira ukichakaa au bati likikosekana, feni huvuta hewa moto kutoka chini na kuirudisha kwenye injini. Injini inapumua pumzi yake yenyewe, na joto linazunguka bila kutoka.

Magari mengi ya zamani yamefunguliwa na kufungwa mara kumi au zaidi. Kila mara kuna bati lenye kutu linalosumbua kufunga, na kuna mtu anayesema, "Hili halina kazi, wacha likae." Baada ya miaka ishirini, gari linachemsha na lawama inakwenda Ujerumani. Ndiyo maana nasema kombi nyingi haziuawi na waliozibuni. Huuawa kidogo kidogo na waliozirahisisha.

Maji yanaingia

Kombi ya kizazi cha tatu ilitoka mwaka 1979, ikiwa bado na injini za hewa. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Sheria za moshi na kelele zilikaza, na wateja wa nchi za baridi walichoka kusafiri na hita dhaifu. Mwishoni mwa 1982 ikaja injini mpya ya lita 1.9, mpangilio uleule wa silinda zilizolala, sasa ikizungukwa na maji. Ya lita 2.1 ikafuata katikati ya miaka ya 1980, na hiyo ndiyo ya mjomba.

Je, tatizo liliisha? Hapana, lilihama. Injini ilibaki nyuma, na rejeta ikawekwa mbele kabisa kwenye upepo. Kati yake yakapitishwa mabomba marefu chini ya sakafu, na mfumo mzima ukahitaji zaidi ya lita 15 za maji. Kutokana na uamuzi huo mmoja yalizaliwa matatizo kadhaa, na ni vizuri kuyajua moja moja.

La kwanza ni hewa kunaswa. Rejeta iko juu kuliko mabomba ya sakafuni, na hewa hupenda kukaa juu. Ukimimina maji nyuma tu, sehemu ya juu ya rejeta hubaki na hewa, maji hayazunguki vizuri, na gari linachemsha likiwa na maji tele. Dawa yake ni kuinua pua ya gari, kufungua skrubu iliyo juu ya rejeta, kuiacha injini izunguke kasi kiasi huku ukiongeza maji, mpaka yatoke bila mapovu.

La pili ni matangi mawili. Moja liko kwenye chumba cha injini, lina kifuniko cha shinikizo, na ndilo tangi la kweli. Jingine liko nyuma ya namba ya gari, ni la akiba tu. Wengi hufungua hilo la akiba, wanaona limejaa, wanaridhika. Kumbe kifuniko cha tangi la kweli kikilegea, mfumo hauwezi kunyonya maji kutoka kwenye akiba. Akiba imejaa, injini ina kiu.

La tatu ni kifuniko chenyewe, na hapa mwinuko wetu unaingia. Usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda zaidi ya mita 2,200, kama kule Limuru, yanachemka kwa karibu digrii 93. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwa karibu 87. Bila shinikizo, una digrii sita tu za kuchezea! Kifuniko kizima hushikilia shinikizo na kusogeza kiwango cha kuchemka hadi digrii 110 na zaidi. Kile kipande cha plastiki cha bei ndogo ndicho kinachokupandisha mlima.

La nne ni kutu. Silinda za injini hii zimezamishwa ndani ya maji, na maji hayo yanazuiwa yasivuje na gasketi ya mpira inayokaa kwenye ukingo wa silinda hedi ya aluminiamu. Kulanti isiyofaa, au maji matupu ya kisima yenye chumvi, hula aluminiamu mahali hapohapo. Huku kwetu watu husema kulanti ni ya Wazungu wenye barafu. Si kweli. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo tunaihitaji sawa na wao.

Tulichokikuta kwenye gari la mjomba

Sasa turudi nyumbani. Jumamosi moja tuliegesha kombi chini ya mwembe wa jirani, nikachukua daftari. Sharti langu lilikuwa moja: kitu kimoja kwa wakati, tuandike, tujaribu, ndipo twende kwenye kingine. Mjomba alilalamika kwamba nachelewesha, lakini alikubali.

Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepasuka mpira wake. Mapezi ya rejeta yalikuwa yamezibwa na vumbi, majani na wadudu wa miaka mingi. Swichi inayoamuru feni ya rejeta iwake ilikuwa imechomolewa waya. Juu ya rejeta tulipofungua skrubu, hewa ilipuliza muda mrefu kabla ya tone la kwanza la maji.

Na themostati haikuwepo. Yule makanika aliamini kwamba njia ikiwa wazi muda wote maji yatapoa zaidi. Lakini themostati hii ina sahani mbili. Injini ikipata moto, moja hufungua njia ya rejeta na nyingine huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Alitoa kizuizi, kumbe alikuwa ametoa askari wa barabarani.

Kwa jumla tulinunua kifuniko, themostati, swichi na kulanti. Rejeta tuliiosha kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu sana, mapezi yasipinde. Gharama yote haikufika hata robo ya bei iliyokuwa kwenye kikaratasi.

Wiki mbili baadaye tulipanda ile barabara waliyoijenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mjomba akiwa kwenye usukani, mimi nikitazama mshale. Ulifika katikati, ukapanda kidogo karibu na juu, feni ikasikika mbele, ukarudi. Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika Limuru. Hapo aliegesha, akazima injini, akafungua mlango wa nyuma na kuwasha jiko lake la gesi. Tukanywa chai.

Nisiwadanganye: silinda hedi ya upande mmoja ina dalili ya kutu na inatoa jasho kidogo asubuhi. Siku moja itataka kazi kubwa. Lakini ni tofauti kuitengeneza kwa sababu unajua imeharibika, na kuibadilisha kwa sababu hukujua kingine cha kufanya.

Mwisho wa safari

Volkswagen wenyewe walimaliza ubishi mwaka 1990, kombi ya kizazi cha nne ilipotoka ikiwa na injini mbele, jirani na rejeta. Afrika Kusini waliendelea kutengeneza kizazi cha tatu hadi 2002. Brazil waliendelea na kombi ya hewa hadi Desemba 2005, kisha wakaiwekea injini ya maji na rejeta usoni, hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2013. Yaani kutoka Wolfsburg 1950 ilipita miaka 55 kabla ya injini ya hewa kuagwa kwenye kombi. Si haba kwa uamuzi uliofanywa kwa kuogopa theluji.

Mimi nimejifunza jambo moja, na nimelibandika juu ya meza yangu ya kazi: usitoe kitu mpaka ujue kiliwekwa kwa nini. Ukikuta mstari wa programu unaoonekana hauna maana, au mpira unaoonekana ni pambo, mtu fulani huenda aliuweka baada ya usiku mrefu wa mateso. Muulize. Kama hayupo, soma historia. Ukishaelewa, kama kweli hauna kazi, utoe kwa amani.

Mjomba anawasalimu. Mwezi ujao wanakwenda Baringo, yeye na mkewe, na kulanti ya akiba nyuma ya kiti. Nami nitarudi kwenye habari za kompyuta. Hadi wakati mwingine, kwaherini.